Nzuri, ila

"Dada, samahani. Una mpango wa kuzaa hivi karibuni?"

Aliuliza kijana wa famasi, mkono mmoja ameshika boksi la dawa, mwingine cheti cha mdogo wangu. Ilikuwa Jumatatu mchana, Ngamiani, Tanga, na nyuma yetu foleni ya watu wanne, wa mwisho mzee mwenye kikohozi kirefu. Mdogo wangu akavuta mtandio mpaka kidevuni. Nikajibu mimi, kwa ile sauti ya dada mkubwa: "Kaka, tumekuja kununua dawa."

Hakukasirika. Aliinama dirishani, akashusha sauti. "Nauliza kwa sababu ya hii. Hii na mimba hazipatani kabisa. Daktari hakuwaambia?"

Hakuna aliyetuambia.

Mdogo wangu ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi, kisha ukamshusha. Vidonge vile, valproeti, amevinywa miaka minne, kimoja asubuhi na viwili usiku, na vimemsaidia. Alirudi kazini, akapata mchumba, posa imeletwa na kujibiwa. Harusi tunaipanga baada ya Idi. Katika miaka yote hiyo, aliyefikiria kwamba mwanamke wa miaka 27 huenda siku moja akashika mimba alikuwa kijana wa dirishani, mwenye kalamu sikioni, ambaye mimi nilimwona hana adabu.

Nimekaa na swali lake wiki kadhaa. Nilianza kuandika haya nikiwa na hasira na hospitali. Hasira ile haikufika mbali, kama mtakavyoona.

## Daftari na kadi

Usiku ule nilimwomba daftari lake. Mwenye mgonjwa wa kliniki ya kila mwezi analijua daftari la aina hii: jalada limechakaa kwenye kona, limekaa ndani ya mfuko wa nailoni, kila ukurasa una mwandiko mwingine. Nilisoma miaka minne kwa kikao kimoja. Analala vizuri. Anakula. Hasikii sauti. Anakwenda kazini. Aendelee na dawa. Arudi baada ya mwezi.

Karibu mahudhurio hamsini, na neno hedhi halimo. Uzazi halimo. Mimba halimo.

Kisha nikaitafuta kadi yangu ya kliniki, ya mimba ya mwanangu. Uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, kaswende, VVU, kimo cha mimba, mlalo wa mtoto. Walinitoboa kidole mpaka nikakizoea. Nikakumbuka pia kitu ambacho sikukisema kwa mtu yeyote mwaka ule: miezi mitatu baada ya kujifungua nilikuwa naingia bafuni, nafungulia bomba ndoo ijae, nalia mpaka maji yamwagike. Kliniki nilikwenda zote. Mtoto alipimwa uzito, akachanjwa, mimi nikaulizwa kama maziwa yanatoka.

Yalikuwa yanatoka.

Kwa hiyo daftari la akili halijui kama mwenye nalo ana mji wa mimba, na kadi ya mimba haijui kama mwenye nayo ana kichwa. Vyote viwili vinakaa kwenye mkoba mmoja, na anayeubeba hajui kama anapaswa kuvisomesha kimoja kwa kingine.

## Kweli iliyotolewa na mdomo usiofaa

Nilisoma mpaka saa nane usiku. Mtoto aliyekuwa tumboni mama yake akitumia valproeti ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, ikiwemo mgongo wazi, wakati kwa mimba za kawaida ni 2 au 3 kati ya 100. Watoto 3 mpaka 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili: kuchelewa kusema, kutembea, kujifunza. Na madhara ya mgongo hutokea ndani ya wiki nne za kwanza hivi, wakati wanawake wengi bado hawajui kama wameshika mimba.

Ufaransa, dawa hii iliyoanza kutumika huko mwaka 1967, akina mama wameipeleka mahakamani. Uingereza mwaka 2018 walipiga marufuku mwanamke wa umri wa kuzaa kupewa bila mpango maalumu wa kuzuia mimba. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2023 likasema wazi kwamba wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe. Sisi tulikuwa bado tunaifuata kila mwezi, na tukiikosa famasi moja tunakwenda ya pili.

Asubuhi, kwenye chai, nikamweleza yote. Nilimpa tarakimu zote, nikimega mkate. Alinisikiliza, akauliza kama chai yake imetiwa sukari, akaenda kazini.

Wiki tatu baadaye nilifua mapazia. Yaani, niliamka nikakuta yamefuliwa. Alikuwa ameyatoa yote usiku, anayasuuza uani kwenye beseni, anaimba. Alikuwa pia amekata vitambaa vya madera matatu, na alikuwa na mpango wa kupika visheti avipeleke Mombasa kwa jumla, mpango mzuri kwa kweli, ila aliueleza kwa pumzi moja na hakuhitaji jibu. Akacheka.

Kicheko kile nakijua.

Nikaenda kwenye kabati lake. Boksi lilikuwa limejaa.

Hakuna jambo katika kisa hiki linalonichoma kama hilo. Nilichomwambia kilikuwa kweli tupu, na nilimwambia kwa mapenzi. Lakini mtu mwenye baipola anayeacha dawa ghafla anaweza kurudiwa na ugonjwa kwa nguvu, na ugonjwa wenyewe, ukimkuta na mimba, una madhara yake: halali, hali, hahudhurii kliniki. Mimi nilimpa nusu ya habari na kumwachia nusu ya pili aitafute peke yake, akaitafuta kwa njia anayoijua, akaacha kumeza.

## Daktari aliyeuliza

Tulielekezwa kwa daktari mwingine wa akili, mama wa makamo, miwani yake ina kamba. Kwanza alimtuliza mdogo wangu, na hilo lilichukua muda. Halafu, siku ya mahudhurio ya pili, alifungua ukurasa mpya na kuuliza mambo ambayo kwenye lile daftari hayakuwahi kuandikwa. Hedhi yako hukaa siku ngapi? Siku zipi za mwezi usingizi hukupungua? Unataka watoto? Lini?

Mdogo wangu akanitazama, kisha akajibu, "Mwakani, Mungu akipenda."

"Basi tuanze leo," daktari akasema. "Mimba ya mtu mwenye maradhi haya hupangwa kabla, kama safari ya Hija."

Valproeti ikatoka, dawa nyingine ikaingia taratibu. Alitueleza kwamba kuna dawa kadhaa ambazo zina historia nzuri zaidi katika mimba, na hakuna hata moja isiyo na gharama yake. Lithiamu, kwa mfano, inafaa wengi, lakini kiwango chake kwenye damu hushuka kadiri mimba inavyokua kwa sababu figo za mjamzito huchuja zaidi, kwa hiyo lazima damu ipimwe mara kwa mara, na si kila mahali kipimo kipo. Alisema pia jambo ambalo sikulitegemea: hatari kubwa iko baada ya mimba. Wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua.

Kisha akageuka kwa Mama, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani.

"Mama, katika ukoo wenu kuna mwanamke aliyewahi kuchanganyikiwa baada ya kuzaa?"

"Hakuna," akasema Mama.

Upesi. Na mimi nikakumbuka kwamba miaka minne nyuma, mdogo wangu alipolazwa mara ya kwanza, daktari wa siku ile aliuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua akili. Kumbe waliuliza. Mama alijibu hivyohivyo, kwa upesi uleule.

## Likizo ya Muheza

Jioni ile Mama alikaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Alikuna nusu ya kifuu, akaacha, akafuta mkono kwenye kanga.

"Mimi niliugua," akasema.

Nilidhani anazungumzia miguu.

Ilikuwa mwaka wa mvua za Elnino. Mdogo wangu ana siku sita. Mama anasema usingizi ulikatika kama umeme: usiku wa kwanza, wa pili, wa nne, na hakuchoka. Mvua juu ya bati ilikuwa inamwita jina. Siku ya tisa alijua, kama unavyojua kuwa leo ni Jumatano, kwamba mtoto huyu wamembadilisha wodini na mwenyewe anamtafuta. Akamfunga kanga tatu, akatoka kwenye mvua kumrudisha. Jirani alimkuta kituo cha basi, miguu mitupu, anauliza gari la kwenda hospitali kwa sauti ya upole kabisa.

Walisema ni jini. Akafukizwa ubani, akanyweshwa kombe, akakaa ndani siku saba na mwanga kidogo. Sitaki kuwacheka walioyafanya hayo. Walikesha naye kwa zamu na hawakumwacha peke yake hata dakika moja, na baada ya kusoma niliyoyasoma najua kwamba kutomwacha peke yake ndiko kulikomwokoa yeye na mtoto. Lakini wiki ya tatu mjomba akasema imetosha, akampakia kwenye gari. Hospitalini alichomwa sindano akalala siku mbili.

Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilipelekwa kwa bibi Muheza, nikaambiwa ni likizo. Nakumbuka machungwa, nakumbuka kuoga mvua na binamu zangu, nakumbuka kushangaa kwamba shule haifunguliwi. Nimewasimulia watu likizo ile maisha yangu yote kama kipindi kizuri kuliko vyote.

"Nilipopona nikafunga kizazi," Mama akasema. "Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na kuzaa nikaacha."

Akaendelea kukuna.

## Lenye jina

Alichougua Mama kina jina, na ni la zamani. Daktari Mfaransa, Louis-Victor Marcé, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi ya akili ya wajawazito na waliojifungua mwaka 1858. Siku hizi wanakiita saikosisi ya baada ya kujifungua, yaani kuchanganyikiwa mpaka mtu anaamini na kusikia yasiyokuwepo. Humpata mwanamke 1 au 2 kati ya kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya siku kumi na nne za mwanzo, huja kwa kasi, na ni dharura kama kutokwa damu. Kwa mwenye baipola uwezekano hupanda mpaka kama 1 kati ya 5. Akiwa mama yake au dada yake aliipata, hupanda zaidi.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, kisha rudi kwa Mama na neno lake "Hakuna".

Haifanani na ile hali ya kulialia ya siku ya tatu au ya nne, inayowapata wazazi wengi na kuisha yenyewe kabla ya wiki mbili. Wala si sonona ya baada ya kujifungua, ambayo hukaa wiki na miezi, na ambayo nadhani ndiyo niliyokuwa naimwagia maji bafuni. Mambo matatu tofauti, na sisi yote tunayapa jibu moja: ndiyo uzazi.

Kinachonishangaza ni kwamba sheria ilijua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na ya Kenya pia, zina kifungu kuhusu mama aliyeua mtoto wake wa chini ya miezi 12 akili yake ikiwa imeyumba kwa sababu hajapona athari za kuzaa. Haadhibiwi kama muuaji wa kawaida. Maneno yale yanafuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1938. Hakimu, ambaye hukutana na mwanamke huyu wakati kila kitu kimeshaharibika, amewekewa mstari wake kitabuni miaka mingi iliyopita.

## Neno homoni

Hapa ndipo nilipokwama wiki mbili nzima bila kuandika.

Kisayansi maelezo yapo. Katika mimba homoni za kike hupanda kuliko wakati mwingine wowote wa maisha, na kondo likishatoka huporomoka ndani ya siku chache. Projesteroni, mojawapo ya homoni hizo, ikivunjwa mwilini hutoa kemikali inayotuliza ubongo, nayo huporomoka pamoja. Mwaka 2019 Marekani waliidhinisha dawa ya kwanza ya sonona ya baada ya kujifungua iliyotengenezwa kwa kuiga kemikali hiyo, dripu ya saa 60, na mwaka 2023 ikafuata ya vidonge vya siku 14. Kadhalika kuna wanawake ambao wiki moja kabla ya hedhi huangukia shimo la huzuni au hasira, kisha damu ikianza hutoka, kila mwezi. Tangu 2013 kitabu cha wataalamu wa akili wa Marekani kimeutambua huo kuwa ugonjwa kamili. Na kuna miaka ya kuelekea kukoma hedhi. Mama, kwenye hamsini, alikuwa anaamka usiku kanga imelowa jasho, mchana analia jikoni bila sababu. Alitibiwa malaria, akatibiwa vidonda vya tumbo, akapewa dawa za presha. Presha kweli alikuwa nayo.

Naamini haya yote. Ila neno homoni linaniogopesha, kwa sababu nalijua linavyotumika mitaani. Mwanamke akidai haki yake kazini: yuko kwenye siku zake. Akimkatalia mume jambo: homoni. Nikiandika kwamba akili zetu huyumba na damu zetu, nitakuwa nimempa mtu fulani rungu?

Na upande wa pili kuna maisha. Bafuni kwangu hapakuwa na homoni tupu. Palikuwa na mume aliyehamishiwa kikazi Mtwara, pesa ya kuungaunga, na mama mkwe aliyesema wa zamani walizaa wakaenda shamba. Pakistani walifanya utafiti uliochapishwa 2008: wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida, walifundishwa kumtembelea mama mwenye sonona na kuzungumza naye kwa mpangilio. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23 kwa kila 100. Kwa wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo, 53. Bila kidonge. Kilichowainua ni mtu kuja, kukaa, kuuliza.

Sasa sisi, watu wa arobaini! Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, nyumba haikauki wageni. Mpango wa kumzunguka tunao tayari, wa bure. Lakini angalia wageni wanakuja kufanya nini. Wanakuja kumwona mtoto. Kafanana na baba. Haya, hongera. Habari za uzazi?

Nzuri.

Kwetu salamu hujibiwa nzuri hata kama mtu amefiwa. Nzuri, ila mzee amelazwa. Nzuri, ila tumeibiwa. Jambo lenyewe huja baada ya ila, na muulizaji anayejua Kiswahili hungoja. Kwa mzazi hakuna anayengoja. Akishasema nzuri, mtoto anapakatwa, na sahani ya tambi inazungushwa.

Kuna dodoso la maswali kumi lililotungwa Edinburgh, Uskochi, likachapishwa 1987, linauliza mzazi siku zake saba zilizopita zilikuwaje: kama ameweza kucheka, kama amejilaumu, kama ameogopa bila sababu, na la mwisho, kama amewahi kuwaza kujidhuru. Nililijaza juzi kwa kuikumbuka miezi ile. Alama sitaziandika hapa. Naona kazi yake yote ni kuingoja ila.

## Alhamisi

Mdogo wangu nilimwambia mimi, kwa idhini ya Mama. Safari hii sikuwa namega mkate. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo yule mtoto wa kituo cha basi ni mimi?" Nikamwambia ndiyo. Akaingia chumbani kwa Mama, akafunga mlango, na waliyosemezana siyajui.

Kalenda ameining'iniza nyuma ya mlango wa kabati. Nyota ni siku za hedhi, mstari ni usiku aliolala chini ya saa tano. Mchumba wake amejulishwa. Alitaka kujua kama anaruhusiwa kuweka alama naye. Harusi haijasogezwa.

Alhamisi tulirudi kwa daktari, wote watatu. Mama alikuwa amevaa baibui lake la harusini. Daktari akampa shikamoo, Mama akaitikia marahaba.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri," akasema Mama.

Akafungua zipu ya mkoba, akaifunga.

"Ila lile swali lako la siku ile."

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Akainua kalamu, akangoja.